Ukuta Kati ya Jiko na Sebule

Jumamosi, 7 Septemba

Leo ukuta umeanguka. Daftari hili nimelinunua pamoja na misumari, kwa kuwa nataka nyumba hii iwe na kumbukumbu zake tangu mwanzo. Wanangu wakija kulisoma, wajue kwamba mimi Zadock, mzaliwa wa Shirati, kwa miaka tisa nimechora shule za watu wengine katika ofisi ya watu wengine, na nyumba hii ya hapa mjini Crystal, Marekani, ndiyo ya kwanza niliyojichorea mwenyewe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo sikuwahi kufundishwa kukiandika, na Kiingereza kinanichosha kazini.

Gitonga, fundi wetu kutoka Meru, aliupiga ukuta ngumi mbili akasikiliza.

"Boss, hii haibebi kitu," alisema. "Tunaiangusha leo leo, alafu utaona vile jua itaingia."

Na kweli liliingia. Kwa miaka sabini jiko lilikuwa na jua lake la asubuhi na sebule ina lake la jioni. Vumbi lilipotulia, mwanga ulitoka dirisha la jikoni ukafika hadi mlango wa mbele. Imaculata aligeuza ndoo akaikalia katikati kabisa, mikono juu ya mimba yake ya miezi minne, akafumba macho jua likimpiga usoni. Mke wangu si mtu wa kusifu, na hakusifu, ila alikaa pale karibu nusu saa.

Niandike sababu, isije ikaonekana ni maringo tu. Februari ya mwaka jana tulikuwa bado Burnsville, katika fleti ambayo dirisha lake kubwa lilitazama ukuta wa jengo la jirani. Imaculata alirudi kutoka hospitali bila mtoto. Alikuwa mvulana, wa miezi minane tumboni. Kwa wiki tatu alikaa kwenye kochi la kahawia, taa zikiwaka mchana kutwa, na kila nikitoka kazini nilimkuta amekaa vilevile. Siku moja nilimwambia atafute kitu cha kufanya. Neno lile bado linanichoma. Huyu anayekuja hatakuta pembe yenye giza katika nyumba yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Rangi. Imaculata anasema krimu zangu zote tatu ni moja. Si moja hata kidogo! Kuta zitakuwa rangi ya maziwa, sakafu mbao nyepesi, kochi rangi ya ufuta, mapazia ya kitani. Valentina, binti yetu wa miaka minane, ameuliza kwa Kiingereza ni lini tutaanza kupaka rangi yenyewe.

Alhamisi, 26 Septemba

Mama mkwe amepata viza. Alikuwa amenyimwa mara mbili, tukawa tumekata tamaa, na mimi nilichora nyumba kama mtu asiyetarajia mgeni. Imaculata amelia kwenye simu, akacheka, akalia tena. Daktari anamwangalia presha kila wiki na amemwambia apumzike. Mimi nashinda ofisini. Sasa mama yake anakuja kukaa naye mpaka ajifungue na baadaye.

Alipokata simu alikwenda akasimama pale ulipokuwa ukuta.

"Zadock, Mama atakaa wapi?"

"Chumba cha chini kipo. Kina mlango wake wa nje, kina bafu. Hata wazee wa kwenu watakubali kwamba ile ni nyumba nyingine."

"Sisemi kulala. Nasema kukaa."

Nilimwelewa, nikajifanya sijamwelewa. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hali chakula mbele yake, hakai naye uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Zamani nyumba yetu ingemfaa: angekaa jikoni na binti yake, mlango ukafungwa, mimi nikawa sebuleni, kila mtu na heshima yake. Sasa kutoka kwenye jiko hadi kwenye kochi ni uwanja mtupu.

Nimemwambia mama yake ni mtu mwelewa, atazoea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amefika. Uwanja wa ndege nilisimama nyuma ya nguzo na mkokoteni wa mizigo kama dereva wa kukodi. Aliniona, akavuta kanga hadi kwenye paji la uso, akageukia upande. Kwenye gari Gitonga aliendesha, mimi nikafuata na langu. Alishuka moja kwa moja kupitia mlango wa nje wa chini. Nimeona kisigino kimoja na mfuko wa dagaa ambao sijui uliwapitaje wale wakaguzi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sijamwona.

Jumatano, 16 Oktoba

Sijamwona. Nimekuta viatu vyangu vimepigwa rangi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeujua utaratibu wake. Gari langu likitoka saa moja, anapanda jikoni. Anapika, anamkanda Imaculata miguu, anamfundisha Valentina kusalimia akirudi shule. Gari langu likiingia, anashuka. Imaculata anasema hata kama amemega tonge analiweka chini.

Sasa Jumamosi na Jumapili je? Nilishinda nyumbani jana na leo, nikipachika rafu kwa furaha zangu, na kumbe mwanamke wa miaka sitini na minane amekaa chini siku mbili na chai ya chupa na mkate. Hakuna aliyeniambia. Nilipogundua nilikasirika, na niseme ukweli, nilimkasirikia yeye. Nimemjengea binti yake nyumba ya nuru, naye amechagua shimo.

Jumapili, 3 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma. Saa kumi na moja jioni ni giza.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku za mapumziko natoka nyumbani saa tatu kasoro, nasema naenda dukani. Nakaa kwenye gari mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, hita imewashwa, nikisikiliza mahubiri ya mtu nisiyemjua, ili mama mkwe ale. Leo mlinzi amekuja kugonga kioo akauliza kama niko salama. Nikamwambia nasubiri mama amalize chakula. Alitazama huku na huku kwenye maegesho, akaenda zake.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefunga pazia la kitani kutoka ukuta hadi ukuta, pale pale tulipobomoa. Nilidhani nimemaliza kazi. Niliwaambia nitabaki sebuleni, Mama apande tu, pazia lipo.

Kitani kile nilikichagua kwa kuwa kinapitisha mwanga. Saa nne jua lilikuwa limesimama kwenye dirisha la jikoni. Nikainua macho kutoka kwenye gazeti, na mama mkwe wangu alikuwa amechoreka juu ya pazia, mzima, kila kitu chake: shingo, matiti yaliyolala, mkono ukinyanyua mwiko. Alikuwa amefungua kanga aifunge upya. Nikasimama kwa aibu, gazeti likaanguka, na yeye akageuka. Kivuli chake kikanitazama.

Alishuka ngazi. Chungu kiliungua jikoni, na hakuna aliyethubutu kukiendea kwa dakika nzima.

Jumatano, 13 Novemba

Hapandi tena, hata nikiwa kazini. Imaculata anashuka ngazi kumfuata, na ngazi ndizo daktari alizomkataza.

Jumapili, 17 Novemba

Presha imepanda. Hawajamlaza, bado. Mama mkwe ametuma neno kupitia Valentina: anataka kutafutiwa tiketi arudi Shirati kabla ya Krismasi.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimegombana na Imaculata. Ninaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Nilisema hapa ni Marekani. Nilisema mama yake ananidharau, kwamba anaona nyumba yangu ni najisi. Nilisema mtu hawezi kuvuka bahari kuja kumsaidia mwanawe halafu akajifungia kama mfungwa na kudai tiketi.

Imaculata alikuwa amelala kwenye kochi la ufuta, miguu juu ya mito. Hakupaza sauti.

"Unakumbuka Krismasi ile tulipokwenda nyumbani?"

"Nakumbuka."

"Ulishuka kwenye gari ukafanya nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa ughaibuni miaka kumi na miwili. Nilishuka na miwani ya jua, nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni, nikamwendea nikamkumbatia mbele ya ukoo mzima, nikambusu shavuni kama nionavyo watu wa ofisini wakifanya na wakwe zao. Watu walicheka, wengine walipiga picha. Niliona nimewaonyesha mapenzi ya kisasa.

"Mama hakurudi nyuma," alisema Imaculata. "Anasema angeweza kurudi hatua moja tu, ila alikuona umefurahi, akaona haya kukuaibisha. Mwaka uliofuata nikashika mimba ya mwanangu."

Nikaanza kusema. Akaninyanyulia kidole.

"Najua unachotaka kusema. Madaktari walitupa karatasi, nimeisoma, kondo la nyuma lilikuwa na shida. Mama hajui kondo. Yeye anajua chira, laana ya kuvunja mwiko. Anajua mwiko ulivunjwa na yeye alikuwepo, na mtoto akafa. Hakukimbii kwa dharau, Zadock. Anamlinda huyu." Akaweka mkono tumboni. "Na sasa umemwona kwenye pazia."

Nilitoka nje bila koti. Mama mkwe wangu amebeba kifo cha mwanangu karibu miaka miwili, peke yake, kwa ajili ya busu langu, na mimi nilidhani anajivuna. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Wamarekani ya bata mzinga. Tumekula bila kuongea sana. Nimemtuma Valentina chini na sahani.

Nimechora ukuta.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimechora upya. Ukuta mzima hadi kimo cha mtu, na juu yake mkanda wa kioo cha ukungu hadi darini. Mwanga unapita juu ya vichwa, watu hawaonani. Nilijipongeza. Nikampa Valentina ampelekee bibi yake mchoro, amweleze.

Alirudi na karatasi.

"She says no glass, Baba."

"Amesemaje hasa? Sema kama alivyosema."

Akatafuta maneno, maskini. "Alisema… yeye ameshakuwa kivuli mara moja. Anataka ukuta."

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimelala na kile kioo kichwani. Nimeuchana mchoro.

Jumamosi, 7 Desemba

Gitonga haamini macho yake.

"Wewe uko serious? Si ni wewe ulitaka mwangaza? Miezi ni tatu tu!"

"Jenga, ndugu yangu."

"Na rangi? Ile maziwa-maziwa?"

"Jenga kwanza."

Tulisimamisha mbao, tukapigilia jipsamu pande zote mbili, tukaweka mlango wa mbao nzito. Nilipopachika ubao wa mwisho, nilikuwa upande wa sebule. Mstari wa mwanga sakafuni ulikuwa mwembamba, kisha haukuwepo. Saa nane mchana nikawasha taa, katika nyumba niliyoapa haitakuwa hivyo. Sitajidai kwamba sikuumia.

Jumatatu, 9 Desemba

Hakuna aliyetaja tiketi.

Jumamosi, 14 Desemba

Theluji nyingi. Sikwenda kwenye gari. Nilikaa sebuleni chini ya taa, nao walikuwa upande wa pili, yeye na binti yake. Sufuria, vicheko vya chini kwa chini, kikohozi chake. Harufu ya samaki. Alikuwa anakula huku mimi niko nyumbani.

Saa sita hivi kiti cha upande wa pili kilisogezwa karibu na ukuta, na sauti nzito kuliko nilivyoikumbuka ikasema:

"Baba Valentina, umeamkaje?"

Nilisimama, nikauamkia ukuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huko kwako hakuna jua."

"Ipo taa, Mama. Inatosha."

"Nimeiona hasara yako," alisema. "Ahsante." Kiti kikarudishwa mezani. Nimeshindwa kuendelea na kazi yoyote siku nzima.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumesali Baba Yetu kwa pamoja, mlango umefungwa, wao jikoni, mimi na Valentina huku. Valentina aliongoza. Alikosea mara mbili na hakuna aliyemsahihisha.

Ijumaa, 3 Januari

Presha tena. Nafanyia kazi nyumbani.

Jumapili, 12 Januari

Sikuandika tangu Alhamisi. Niandike sasa.

Alhamisi saa nane mchana nilikuwa kwenye meza yangu. Nikasikia kitu kizito kikianguka jikoni, kisha sauti ya mama mkwe, ambayo haijawahi kupanda, ikapanda.

"Baba Valentina! Ingia!"

Niliingia. Alikuwa amepiga magoti, kanga amejifunika kichwa na uso mzima, na kichwa cha mke wangu kiko mapajani mwake. Imaculata alikuwa anasema haoni vizuri, kichwa kinapasuka. Uso wake ulikuwa umevimba. Nilimbeba. Mama mkwe alitangulia kufungua milango, akipapasa kuta ndani ya kanga yake, akijikwaa, bila kuifunua.

Kwenye gari alikaa nyuma na binti yake. Nilipowasha, nikageuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisimwone. Niliendesha hivyo kwenye theluji, malori nyuma yangu nisiyoyaona, dakika kumi na nne, nikimsikia anaomba Mungu kwa Kijaluo na Imaculata akigugumia. Sikumwambia anyamaze. Nilimwambia azidi.

Walimpasua saa kumi kasorobo. Msichana. Amelia mwenyewe, kabla hawajamgusa mgongo.

Korido ya hospitali ilikuwa nyeupe yote na madirisha makubwa, kama nilivyopenda mimi zamani, na mama mkwe alikuwa ameketi humo ameupa ukuta uso. Muuguzi akaniuliza kama mama yangu ana tatizo. Nilimwambia hana tatizo lolote. Nikaondoka koridoni kusudi wampeleke kumwona mjukuu.

Imaculata amempa mtoto jina la mama yake, Ernestina. Kwa hiyo mimi siwezi kulitamka ovyo, mtoto namwita Bibi.

Jumanne, 14 Januari

Wako nyumbani, wote wawili. Mtoto ana kilo mbili na nusu na hasira za mzee wa ukoo.

Ijumaa, 17 Januari

Presha ya Imaculata imepanda tena usiku. Asubuhi wamemrudisha wodini. Wanasema hutokea hata baada ya kujifungua, na kwamba tumewahi. Amelia kwa ajili ya mtoto tu.

Jumamosi, 18 Januari

Mimi, mama mkwe, mtoto. Kila alasiri lazima nimpeleke mtoto akanyonye. Tumepata njia bila kuongea. Natanguliza kile kiti cha mtoto cha garini kwenye mlango wa jikoni asubuhi. Yeye anamfunga mtoto ndani yake, anakiweka chini kwenye kizingiti, anagonga, anasema "Tayari," naye anarudi hadi kwenye ngazi. Nahesabu kumi. Nafungua, nachukua. Nikirudi nafanya hivyo hivyo, nagonga, narudi nyuma.

Leo Valentina alikuwepo, angeweza kumbeba. Bibi yake alikataa. Anasema mikono ya mtoto mwenzake bado ni myepesi.

Jumatatu, 20 Januari

Baridi isiyosemeka. Kiti, kizingiti, tayari, kumi.

Jumanne, 21 Januari

Vilevile. Imaculata ameanza kula vizuri. Presha inashuka.

Jumatano, 22 Januari

Daktari amesema wakiridhika kesho, kesho anarudi.

Jana baada ya kumrudisha mtoto nilikirudisha kiti garini, na kwa uchovu nikakisahau humo usiku kucha. Leo nilipokitoa, mikanda yake ilikuwa migumu, plastiki imeganda hadi inalia. Nikakiweka kwenye tundu la hita sebuleni kipate joto. Valentina yuko shule. Saa tisa mama mkwe akagonga.

"Tayari."

"Mama, subiri kidogo. Kiti ni barafu. Mweke tu kizingitini na blanketi lake, nitamchukua."

Mtoto alikuwa anaanza kulia kwa njaa.

"Sakafu ina baridi," alisema mama mkwe.

"Nitaleta mto."

"Baba Valentina." Alikuwa karibu sana na mlango. "Fungua. Nyoosha mikono."

Nilifungua kiasi cha mtu mmoja kupita ubavu. Niligeuza uso kwenye fremu ya mlango. Nilinyoosha mikono kwenye mwanga wa jikoni. Uzito wa mtoto ukaja, kisha vidole vikavu vya mama mkwe vikapita chini ya viganja vyangu, vikahakikisha nimeshika shingo, vikakaa hapo. Havikuondoka haraka. Kisha vikaondoka, mlango ukafungwa.

Nikangoja kusikia hatua zake zikielekea ngazini. Hazikwenda. Alikuwa amesimama palepale nyuma ya mlango, anasikiliza kama mtoto anapumua. Mimi niliyesoma ile karatasi ya madaktari kuhusu kondo nilikuwa upande wangu, sikio langu puani kwa mtoto, nasikiliza vilevile.